Mabibi Harusi wa Isongole

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: tulimwacha Sabrina pale Kiwira, ameketi kando ya barabara juu ya begi la magauni ya harusi, gari alilopanda limeharibika na dereva yuko uvunguni anatukana kwa sauti ya chini.

Sabrina ana fremu ya duka Tukuyu mjini, nyuma ya soko. Anakodisha magauni ya harusi, shela na suti. Zamani ikifika Jumamosi hakuwa na nafasi ya kumeza mate. Kisha mabinti wakaanza kuondoka. Huyu Tunduma, yule Chunya kwenye dhahabu, waliobaki wote Dar. Wakapata wachumba hukohuko, wakafunga ndoa hukohuko, wakakodi magauni hukohuko. Tukuyu zikawa zinafika picha tu, tena kwenye simu.

Mumewe Yussuph naye akawafuata watu. Anauza vifaa vya simu Kariakoo, na kila akipiga, wimbo ni uleule.

"Sabi, wateja wameshahama. Wewe unabaki kumvisha nani?"

Mwishowe wakakubaliana. Mwezi ukiisha bila maharusi, Yussuph atakuja na gari, duka lifungwe, waende wote Dar.

Ili asifike Dar mikono mitupu, Sabrina akabeba magauni yake bora kwenda kuyauza Mbeya. Mwenye duka wa Mbeya aligeuza moja huku na huku, akamrudishia. "Dada, haya ni ya kizamani. Wasichana wa siku hizi hawatayagusa."

Ndiyo hiyo safari ya kurudi iliyokatikia Kiwira. Na ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima, ana ndoo tupu ya viazi kichwani, akaingiza mkono kwenye begi bila kuomba ruhusa.

"Ugonile," akasalimia kwa Kinyakyusa, akilipapasa gauni kwa vidole viwili.

"Ndaga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hili linakodishwa?"

"Linakodishwa, bibi. Anayeolewa ni mjukuu?"

"Mjukuu yupi? Wajukuu wako Dar. Ni mimi."

Sabrina alimtazama vizuri. Mama wa watu ana mvi, ana mabega mapana, na kwenye meno ya mbele ana pengo moja la furaha.

"Na bwana harusi?"

"Yule pale anayegonga jembe."

Kwenye duka la vifaa vya kilimo, mzee mmoja mrefu alikuwa anagonga jembe kwa kokoto na kutega sikio kusikiliza mlio. Aliposikia anaitwa, akaja nalo mkononi.

"Baba Jackson, huyu dada ana magauni ya halusi," mama akamwambia. Alitamka "halusi", kama wakubwa wa huko wanavyotamka.

"Magauni ya nini? Mimi wewe nilishakuoa. Ng'ombe nilitoa."

"Ng'ombe alipewa baba yangu. Mimi nilipewa nini?"

Mzee huyo, Ackson kwa jina lake mwenyewe, aliligonga tena jembe.

Mama huyo, Bibi Esnath wa Isongole, akaeleza. Wameishi na mumewe tangu ujana, wamezaa, wamesomesha, lakini madhabahuni hawajawahi kusimama. Kila Meza ya Bwana ikiandaliwa kanisani, mkate na divai, wao hubaki benchi la nyuma wakitazama migongo ya wenzao. Sasa amekuja mchungaji mpya. Amesema wazee wote wenye ndoa za namna hiyo watabarikiwa siku moja, Jumamosi ijayo. Matangazo yameshasomwa.

"Nilipanga kuvaa kitenge," Bibi Esnath akasema. "Lakini sasa nimeliona hili."

*

Kesho yake Sabrina akapanda bodaboda hadi Isongole. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi, na dereva aliendesha kwa kukumbuka tu njia.

Jikoni kwa Bibi Esnath moto ulikuwa unawaka, na wanawake watu wazima wamejaa. Habari za gauni zilikuwa zimefika kabla ya gauni.

Akamvisha. Gauni lilipita kichwani. Likapita mabegani kwa kubembelezwa. Lilipofika kiunoni likagoma, na zipu ikasimama kati ya mgongo.

"Vuta pumzi, bibi."

"Nimeshavuta, mwanangu. Imeisha."

Wanawake walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Bibi Esnath mwenyewe machozi yalimtoka kwa kicheko.

Sabrina hakucheka. Gauni lile lilikuwa la kwanza kulinunua katika maisha yake ya biashara. Lilishonewa binti mwembamba asiyelima. Mabega ya Bibi Esnath yamebeba magunia. Ili limtoshe, lazima likatwe ubavuni pande zote mbili, na likishakatwa hakuna msichana atakayelivaa tena.

Msichana yupi? akajiuliza.

Amekaa dukani muda wote huo anatazama mlango, anasubiri wasichana. Na kina mama hawahawa walikuwa wanapita mbele ya mlango huo kila siku ya soko, asiwahi hata kuwaambia karibuni.

"Bibi, mbona hukuwahi kuingia dukani kwangu?"

"Nilikuwa napita. Picha ulizobandika zote za visichana. Nikajua si duka letu." Bibi Esnath akajifuta macho kwa kiganja. "Vijana wameondoka, mwanangu. Sisi tumebaki. Kwani sisi hatuvai?"

Sabrina akachukua mkasi.

Jiko zima lilisogea kutazama kitambaa kikikatwa. Akatoa kipande kwenye gauni jingine, akakiunga ubavuni. Alipotaka kuyaacha mabega wazi, wakampigia kelele.

"Mabega wazi Isongole? Unataka tutoke kanisani twende hospitali?"

Basi akaweka mikono mirefu, na akaacha nafasi ya sweta ndani. Kwenye viatu napo alipata somo. Bibi mmoja alijaribu vyenye visigino, akapiga hatua moja nje, kisigino chote kikazama kwenye tope na yeye akabaki amesimama kama kigingi. Ikaamuliwa palepale: gambuti hadi mlango wa kanisa, ndani wabadilishe raba nyeupe.

Zipu ya Bibi Esnath ilipopanda hadi juu, hakuna aliyecheka. Alikishika kile kitambaa cheupe kwa mikono iliyopasuka kwa udongo, kwa uangalifu, kana kwamba ameazimwa mtoto mchanga.

"Na mimi, mwanangu," akasema mmoja nyuma.

"Na mimi."

Mwingine alikuwa ameshatoa simu. "Tuma hela ya gauni. Hapana, hakuna msiba. Gauni la halusi. Ya nani? Yangu! Nasema yangu! Mpe mkeo simu, wewe huelewi."

Hapo Sabrina akacheka, kicheko ambacho hakukumbuka mara ya mwisho alikitoa lini. Jioni hiyohiyo alirudi Tukuyu kuchukua cherehani na magauni mengine, akahamia kwa Bibi Esnath kwa wiki nzima.

*

Usiku akampigia mumewe.

"Yussuph, nimepata maharusi!"

"Acha! Wapi?"

"Isongole. Wengi."

"Mabinti wa Isongole si wote wako huku?"

"Siyo mabinti. Ni mabibi."

"Mabibi gani?"

"Mabibi, Yussuph. Wenye wajukuu."

Yussuph akacheka mpaka akakohoa.

"Sabi, kama hutaki kuja Dar, sema. Usinitungie hadithi. Nimeshapata fuso linaloleta mzigo Mbeya wiki hii, nitakuja nalo. Tulikubaliana mwisho wa mwezi."

"Tulikubaliana bila maharusi!"

"Haya, wasalimie mabibi," akasema kwa upole, upole wa mtu anayemwongelesha mgonjwa, akakata.

Sabrina aliinamia cherehani akashona kwa hasira. Nyuzi za gauni la usiku ule, hata leo, zimenyooka kuliko zote.

*

Alhamisi mambo yakataka kuharibika.

Walikuwa wanampima Mzee Ackson suti. Mzee bado alikuwa amenuna, ameinua mikono kama aliyekamatwa na polisi, ndipo simu ya Bibi Esnath ikalia. Ni Jackson, mwana mkubwa, yuko Mbagala, Dar. Bibi akaweka sauti ya juu ili mumewe asikie.

"Mama, nimesikia. Wadogo zangu wameniambia. Sasa sikilizeni, tumekaa kikao watoto wote tulioko huku. Hatuwezi kuwaacha mfanye jambo kubwa hivyo kimyakimya kijijini. Njooni Dar. Tumepata ukumbi, mshereheshaji yupo, gauni tutakodi hukuhuku, zuri, la kisasa. Kesho pandeni basi."

Sabrina aliacha pini mdomoni. Kumbe safari hii Dar haikuchukua mabinti tu. Ilikuwa imerudi kuchukua na bibi zao.

Wanawake waliokuwa mlangoni wakatazamana. Bibi Esnath ndiye kiongozi wa kwaya. Yeye akienda, nani atabaki na moyo wa kuvaa shela?

"Mwanangu, ndaga fijo, asante sana," Bibi Esnath akasema polepole. "Ukumbi huo utajaa nani?"

"Watu, mama! Marafiki zangu, wa kazini, majirani."

"Wananijua?"

"Watakujua siku hiyo."

"Walioniona nikija hapa na kikapu kimoja, wako huku. Walionisaidia kukuzaa wewe wako huku, mmoja wao ameshika gauni lake hapa mlangoni. Hao wa ukumbini watamshangilia nani?"

"Mama, usifanye hivyo. Sisi ndio watoto wenu."

Bibi machozi yakamlengalenga, na pale Sabrina aliona biashara yake na furaha ya yule mama zinateleza pamoja.

Ndipo mkono mrefu ukanyooka juu ya bega la Bibi ukachukua simu. Mzee Ackson, pini zimemjaa kiunoni.

"Jackson."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sisi hatuji. Ninyi ndio mje."

"Baba, kazi, nauli, muda..."

"Basi utaona kwenye simu." Akakata. Akainua mikono tena, akamgeukia Sabrina. "Endelea. Ila kola isinibane. Siku ya kuoa nataka kumeza vizuri."

Mlangoni vikapigwa vigelegele vya kuamsha mtaa wa pili.

*

Jumamosi kulipokucha, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mabibi harusi wote wamekusanyika kwa Bibi Esnath, weupe mtupu juu, gambuti chini. Njia ya kanisani imekuwa uji. Madereva wa bodaboda waliitwa, wakaja, wakayatazama magauni, wakatikisa kichwa.

"Shela ikiingia kwenye tairi, mama, tutakuzika."

Wakati wanabishana, ukasikika mngurumo. Fuso likapanda kilima, likateleza, likasimama mbele ya nyumba. Yussuph akaruka chini, akamwacha dereva kwenye usukani.

"Sabi! Nimekutafuta Tukuyu, wakaniambia uko..."

Hakumaliza. Alikuwa amewaona. Kibaraza kizima cha wanawake wa umri wa mama yake, wamevaa shela, wamesimama kama mawingu yaliyochoka kutembea.

"Shikamooni," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba!"

"Mwanangu," Bibi Esnath akasema, "gari lako lina nafasi?"

"Lina mizigo kidogo, mama."

"Isogeze."

Yussuph akasita. Sabrina akaenda nyuma kufungua turubai mwenyewe. Lilipofunguka, akarudi hatua moja.

Ndani kulikuwa na kioo chake kirefu. Zile sanamu za kuvalisha nguo. Stuli zake. Kibao chake cha mlangoni.

"Nilipita dukani kwanza," Yussuph akasema, akitazama gambuti za watu. "Mwezi umeisha, Sabi. Nilidhani unanitania. Ufunguo nimemkabidhi mwenye fremu, na kuna wapangaji wapya walikuwa wanasubiri. Wameshaingia."

Sabrina alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, na yote mabaya.

"Mtagombana baadaye," Mzee Ackson akasema, akishika kola yake. "Kengele inagonga."

Basi mabibi wakapandishwa; mabwana harusi wengine walikuwa wameshatangulia kwa miguu. Mmoja alikalia stuli, mwingine akakumbatia sanamu ili isimwangukie. Bibi Esnath alisimama mbele ya kile kioo kirefu, kimefungwa kamba ubavuni mwa fuso, na njia nzima hakujitazama kwa kujificha. Alijitazama. Kwaya ikaanza hukohuko juu ya gari, na watu wakatoka mashambani na majembe yao kuja kuona ni nini kinapita.

Sabrina alikaa mbele, kati ya mumewe na Mzee Ackson. Alikuwa amekaza uso. Ila tabasamu lilimtoroka mara mbili, na Yussuph aliliona.

Kanisani yeye na mumewe walisimama nje, kwenye dirisha. Mchungaji alipomuuliza Mzee Ackson kama yuko tayari, mzee alijibu "Ndiyo!" kabla swali halijafika katikati, kanisa likavunjika mbavu. Kisha Meza ya Bwana ikaandaliwa. Bibi Esnath akainuka benchi la mbele, akaenda na wenzake, na aliporudi uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Sabrina akajifuta macho kwa mtandio.

"Hawa walikuwepo siku zote?" Yussuph akanong'ona.

"Siku zote."

"Na vijiji vingine?"

"Mpuguso wapo. Kiwira wapo. Kila mahali ambako watoto wameondoka, wazazi wapo."

Yussuph ni mfanyabiashara, na alikuwa anatazama raba nyeupe zinavyopita mbele yake, jozi baada ya jozi.

"Nimekosea, Sabi. Nimekosea sana."

"Umekosea na ufunguo umeshautoa."

*

Baada ya chakula, fuso lilikuwa linanguruma barabarani, dereva wake ana haraka ya kurudi Dar.

"Niligeuzie wapi?" akauliza. Mkono wake mmoja ulielekea Mbeya, mwingine Tukuyu.

Yussuph alimtazama mkewe. Mkewe alitazama mizigo. Tukuyu hakuna fremu tena. Mbeya ndiyo njia ya Dar, na kule hakuna hata bibi mmoja anayemjua.

"Kwani lazima Tukuyu?" Bibi Esnath akadakia, bado amevaa gauni, ameshika kipande cha keki. "Nyumba ya Jackson hiyo hapo kando ya lami. Kaijenga, kaipaka rangi, kaifunga, karudi Dar. Wanaishi popo. Weka magauni yako humo, wateja watakuona."

"Tumuulize mwenyewe kwanza," Mzee Ackson akasema.

Wakapiga simu ya Jackson. Haipatikani. Wakapiga tena. Haipatikani.

"Hatakataa," Bibi akasema, akachomoa ufunguo kifuani mwa gauni la harusi.

Watu wengi, kazi nyepesi. Popo wakafukuzwa, sakafu ikafagiliwa na mabibi harusi waliopandisha mikia ya magauni kiunoni. Kioo kikaingia. Sanamu moja, ambayo Yussuph aliipakia na gauni lake, ikasimamishwa dirishani. Lilikuwa gauni pekee ambalo mkasi haukulifikia. Sabrina akarudi nyuma hadi barabarani kutazama. Lilikuwa duka.

Ndipo basi la Kyela, lililosafiri usiku kutoka Dar, likachelewa njiani na kufika wakati huo, likapunguza mwendo na kusimama palepale.

Akashuka Jackson. Akashuka mwanamke mwembamba, mchangamfu, aliyeitwa Lilian, mama wa watoto wake, ambaye hawajawahi kufunga naye ndoa. Kisha kondakta akafungua buti.

"Mwanangu!" Bibi Esnath akakimbia na gambuti zake. "Umekuja!"

"Nilishindwa kuona kwenye simu, mama. Nimechelewa, najua." Jackson alimkumbatia muda mrefu, gauni na tope na vyote.

Nyuma yake mizigo ilikuwa bado inashuka. Godoro. Jiko la gesi. Friji ndogo. Godoro jingine.

"Hivi vyote ni vya kukaa siku mbili?" Mzee Ackson akauliza.

"Hatujaja kukaa siku mbili, baba. Kodi, nauli, maisha yale... tumechoka siku nyingi, tulikuwa tunaona aibu kusema. Nataka kulima viazi na parachichi. Tumerudi. Tunahamia kwetu, watoto watafuata shule zikifungwa."

Akageuka kuitazama nyumba yake. Mlango uko wazi. Bibi mmoja mwenye shela anamwaga maji machafu kizingitini. Dirishani kuna mtu mweupe asiyepepesa macho anamtazama.

"Nani yuko ndani ya nyumba yangu?"

Yussuph akamtazama Sabrina, Sabrina akamtazama Bibi Esnath, na Bibi Esnath, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatazama chini.

Jackson akapiga hatua kuelekea mlangoni. Lakini Lilian alishamtangulia. Alikuwa ameacha begi lake kwenye tope, amepita katikati ya mafagio, na sasa amesimama mbele ya sanamu, amelishika gauni kwa vidole viwili.

"Jackson," akaita kutoka ndani, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Njoo huku kwanza. Usimfukuze mtu yeyote."